Mashudu Chini ya Kitanda

Baba mkwe wangu aliiba chakula cha ng'ombe wangu. Nasema aliiba. Ukoo mzima umeshanisahihisha, wanasema alichukua, mzee haibi ndani ya boma lake mwenyewe. Sawa. Lakini mtu anayechukua hangoji mpaka ushike ndoo uende kisimani ndipo achukue.

Mimi nimezaliwa Musoma mjini, karibu na maji, kwa baba mvuvi. Nilisoma mpaka kidato cha nne, na somo nililolipenda ni kilimo, kwa sababu shule yetu ilikuwa na ng'ombe wa maziwa na zamu ya kuwalisha ilikuwa inakutoa kwenye kipindi cha hesabu. Halafu nikaolewa huku juu, kijiji kilicho kati ya Butiama na Nyamuswa, kwa watu wa ng'ombe. Mume wangu alikuwa fundi mitambo Bunda, kwenye kiwanda cha kukamua mafuta ya pamba. Alikuwa anarudi mwisho wa mwezi, ananuka mafuta, anakula, analala, anaondoka. Kwa hiyo aliyeolewa na ukoo ule ni mimi. Yeye alikuwa mgeni wao.

Binti yetu wa kwanza alizaliwa wakati maduka yalikuwa na rafu na muuza duka, basi. Sabuni hakuna, sukari hakuna, na maziwa ya kopo unayapata ukiwa na ndugu anayefahamiana na meneja. Ndugu zangu mimi wanafahamiana na sato na furu. Mtoto hajaota jino, maziwa yangu yakakauka. Walinipa uji wa karanga, walinipa supu ya vichwa vya samaki, wakaninywesha maji ya majani ambayo mpaka leo sijaambiwa ni ya nini. Maziwa hayakurudi. Mtoto akabaki macho na masikio.

Ndipo parokia ikanipa ng'ombe. Kulikuwa na mpango wa kuwagawia akina mama wenye watoto wadogo ng'ombe wa kisasa, na Sista mmoja kutoka Musoma ndiye aliyeusimamia. Alikuja na Landrova, akamshusha ng'ombe mweusi mwenye mabaka meupe, akanieleza masharti. Ndama jike wa kwanza atakwenda kwa mama mwingine. Na ng'ombe lazima awe na afya. Sista atakuwa anapita kumwangalia, na akimkuta amekonda atamhamishia kwa mwenzangu, maana wanaosubiri ni wengi. Hakusema kwa ukali. Alisema huku anatabasamu, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

Ng'ombe akazaa ndama dume, maziwa yakaja, binti yangu akapata mashavu. Alipoanza kutembea nilikuwa na mimba nyingine, na sikuwa na matumaini yoyote na kifua changu. Kwa hiyo ninaposema ng'ombe wangu, naomba nieleweke. Nilikuwa nikimwangalia yule ng'ombe namwona mtoto ambaye bado hajazaliwa, ananyonya au hanyonyi.

Sasa niwaambie juu ya mzee. Baba mkwe alikuwa na zizi la ng'ombe wa kienyeji, wenye nundu, wanaoishi kwa majani na miujiza. Kati yao alikuwamo fahali mmoja mwekundu ambaye alikuwa anamwimbia jioni, kwa kilugha, nyimbo ambazo mama mkwe alisema hajawahi kuimbiwa yeye. Mimi na mzee hatukuwa tunaongea. Si kwamba tuligombana, ndiyo desturi. Mke wa mwana haangaliani usoni na baba mkwe, hakai anapokaa, halitaji jina lake. Naye haingii nyumbani kwa mke wa mwanawe, na chumba cha kulala ndiyo kabisa, hata nyumba ikishika moto ataita watu wengine. Tukiwa na la kuambiana tunampitishia mama mkwe, aliyekaa katikati yetu kama posta.

Posta ikaniletea ujumbe wa kwanza wiki ile ile ng'ombe alipofika.

"Mzee anauliza, huyu ng'ombe ni mgonjwa?"

"Hapana, mama. Kwa nini?"

"Anasema ng'ombe anayelishwaga kwenye ndoo ni mgonjwa au ni mzungu."

"Mwambie ni mzungu."

Mama mkwe akafunika mdomo kwa kanga, akaenda kumwambia. Nilisikia mzee akikohoa kule zizini. Alikuwa hacheki mbele ya watu, alikuwa anakohoa.

Chakula chenyewe nilikuwa nakichanganya kila Jumamosi kwenye turubai, uani. Pumba za mahindi nilizisomba Nyamuswa, kwenye mashine ya kusaga. Siku hizo mwenye mashine alikuwa anatubembeleza tuje tumfagilie, tuzichukue bure. Mashudu ya pamba, yale makapi ya mbegu zikishakamuliwa, mume wangu aliyatuma kwa lori kutoka kiwandani, yale mabonge yaliyovunjika ambayo hakuna aliyeyataka. Nayaponda, namwaga pumba madebe mawili kwa debe moja la mashudu, naweka chumvi, naweka unga wa mifupa. Mifupa nilikuwa naichoma mwenyewe nyuma ya jiko na kuitwanga. Siku ya kwanza majirani waliniona natwanga mifupa, wakaacha kuniazima ungo mpaka mama mkwe alipozunguka nyumba kwa nyumba kuwaeleza kwamba mkwe wake si mchawi, ni msomi. Hata hivyo kinu chake alininyima. Nikatumia jiwe.

Unageuza kwa beleshi, unatengeneza mlima, unaubomoa, unautengeneza tena, mpaka ukichota popote rangi ni moja. Halafu unajaza magunia na kuyaweka stoo juu ya kichanja cha miti, yasiguse ardhi, yasiguse ukuta. Chakula kikipata unyevu kinavunda, na kilichovunda ni sumu. Hayo nilifundishwa shuleni na niliyashika, kwa muda.

Kiangazi kikaingia kibaya. Majani yakaisha, ng'ombe wa kijiji kizima wakawa mbavu, isipokuwa wawili. Wangu, na fahali mwekundu wa mzee. Fahali alikuwa anang'aa kama amepakwa mafuta ya kula. Na magunia yangu yalikuwa yanashuka upesi kuliko ng'ombe mmoja anavyoweza kula. Nikadhani panya. Nikaazima paka. Halafu siku moja natoka kisimani namkuta yule fahali amesimama mlangoni pa jiko langu, peke yake, anaiangalia ndoo. Puani ana vumbi la njano.

Nikamwendea mama mkwe, alikuwa anachambua mboga.

"Mama, fahali wa mzee amejua kula kwenye ndoo."

"Nani kamfundisha?"

"Labda amefika sekondari."

Aliinama kwenye mboga zake, mabega yakawa yanatikisika. Alikuwa anajua tangu siku ya kwanza. Walikuwa wanajua wote, hata paka labda.

Nilikasirika mpaka meno yakaniuma. Na nitafanya nini? Kumpeleka baba mkwe mbele ya wazee kwa kesi ya pumba ni sawa na kwenda kanisani bila nguo; utasikilizwa, lakini hakuna atakayekumbuka ulichosema. Mume wangu nilipomweleza alisema, "Lakini baba anampendaga sana yule fahali." Nikamuuliza kama fahali ananyonyesha. Akasema amechoka, alale.

Nikaondoa magunia stoo nikayapeleka mahali pekee katika nchi hii ambapo baba mkwe hawezi kukanyaga. Chumbani kwangu. Nikainua kitanda kwa matofali, nikasukuma magunia chini yake. Nilifanya mchana kweupe, taratibu, nikihakikisha mzee ananiona kutoka zizini kila gunia linavyoingia. Lile la mwisho nilipumzika nalo kidogo pale mlangoni.

Siku kadhaa fahali alilia kama amefiwa. Mzee alizunguka nyumba yangu kwa mbali, anakohoa. Mume wangu aliporudi mwisho wa mwezi alisimama chumbani, akavuta pumzi, akasema, "Hivi nimetoka kiwandani au nimerudi kiwandani?" Nikamwambia alale.

Lakini mzee hakuwa mtu wa kushindwa na mlango. Huku kwetu babu na mjukuu wa kike ni watani. Anamwita "mke wangu," na mtoto naye anamwita "mume wangu,", na bibi analalamika kwamba ameletewa mke mwenza asiyejua kupika. Mke huyo, binti yangu, alikuwa anaingia chumbani kwangu apendavyo, kwa sababu ndiko alikokuwa analala. Asubuhi moja nikamkuta anatoka na kikombe chake cha bati amekishika kwa mikono miwili, anatembea kama amebeba maji ya moto.

"Unaenda wapi?"

"Kwa mume wangu."

"Umebeba nini?"

Akaangalia ndani ya kikombe, akafikiri. "Mboga."

Kilikuwa kimejaa mashudu na pumba, nimechanganya mimi. Nikamuuliza mume wake humpa nini. Akanionyesha mfuko wa gauni. Karanga za kukaanga. Mtoto wangu alikuwa anauza maziwa yake mwenyewe kwa karanga, na alikuwa anaona amepata.

Nilifunga midomo ya magunia kwa waya. Jioni posta ikaja.

"Mzee anasema mama mkwe wake amekuwa mkali."

"Mama mkwe wake ndiye nani?"

"Si wewe. Mtoto ni mke wake, wewe umekuwa nani?"

"Mwambie mkwe anayeheshimu mama mkwe hamtumi mke wake kuiba."

Mama mkwe alikwenda, akarudi. "Anasema mahari alishalipa. Karanga."

Habari hizo zilifika kilabuni kabla sijamaliza kukamua. Nikipita njiani wanaume wazima wananiamkia, "Shikamoo, mama mkwe."

Ningeweza kucheka, na kwa kweli nilicheka kidogo, jikoni, peke yangu. Lakini wakati wa ruksa, wa biashara huria, ulikuwa umeingia. Maduka ya Bunda yakajaa sabuni na vitenge, watu wakashukuru, na mimi nilishukuru sabuni. Ila malori ya wafanyabiashara nayo yakaanza kupanga foleni kwenye geti la kiwanda, yanabeba mashudu yote, mazima na yaliyovunjika, na mume wangu akaja mwisho wa mwezi mikono mitupu. Mwenye mashine wa Nyamuswa, yule aliyekuwa anatubembeleza, akazifunga pumba zake kwenye magunia na kuzitundikia bei. Nikabaki na magunia mawili chini ya kitanda. Na katekista akatangaza kwamba Sista atapita kukagua ng'ombe, Jumatano baada ya Jumapili inayofuata.

Nikakaa nikapiga hesabu, ile niliyokuwa naikimbia shuleni. Magunia mawili yangenifikisha kwa Sista na kubakiza kidogo.

Asubuhi iliyofuata ng'ombe aliweka pua kwenye ndoo, akaiondoa. Akaniangalia. Nikamwaga, nikachota mengine. Akageuza kichwa kabisa. Nikaenda chumbani, nikafungua waya, nikazamisha mkono kwenye gunia mpaka kiwiko. Ndani kulikuwa na joto kama uji.

Niseme sasa jambo ambalo kila mama atalielewa upesi kuliko nilivyolielewa mimi. Mtoto alikuwa analala kwenye kitanda hicho. Kitanda ni cha kamba, godoro ni la majani, na mpira wa kumtandikia mtoto haukuwa umeonekana dukani tangu azaliwe. Alikuwa anakojoa kila siku kwenye sehemu ile ile, mkojo unapita godoro, unapita kamba, unaingia kwenye magunia. Na mimi harufu sikuisikia kwa sababu chumba kizima kilinuka mashudu. Gunia la kwanza lilikuwa limeota ukungu wa kijani mpaka chini, mabonge matupu. La pili nusu.

Nilikaa sakafuni. Kisha nikasimama, maana nilikuwa na hasira nyingi mno za kukaa nazo chini. Kichanja changu kule stoo hakikuwa na kosa lolote. Chakula kilikuwa kinalala pakavu, hewa inapita, kama nilivyofundishwa. Nani alikihamisha?

Nikayaburuta magunia uani, nikatandika turubai, nikaanza kuchambua juani. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni pa zizi. Aliangalia muda mrefu. Halafu akamwambia kuku aliyekuwa anapita kati yetu:

"We kuku. Kuna watu huwa wanakojolea chakula."

Posta alikuwa jikoni. Nikamjibu kuku yule yule.

"We kuku. Watu wasingeiba, chakula kisingelala na mtoto."

"Kuku, mwambie huyo mimi sikuiba. Nilionja."

"Kuku, muulize aliyeonja ni yeye au ni fahali."

"Mwacheni kuku wangu," mama mkwe akasema kutoka jikoni. "Hana kesi na mtu."

Mzee akaleta ombi kwa njia ya halali, kupitia mkewe: lile lililovunda kama silitaki, apewe fahali wake, ana tumbo la kiume. Hapo nilisimama na beleshi mkononi nikawaza. Ningesema ndiyo, na yule fahali angelala chini siku mbili na asiinuke, na mzee angejua maana ya kukaukiwa. Niliwaza kwa utamu. Kisha nikachimba shimo nikafukia lote, na juu yake nikarundika mawe, kwa sababu nilimfahamu mzee.

Nusu gunia halikufika popote. Ng'ombe aliyekwisha kuonja ukungu hana imani tena na ndoo. Alikuwa ananusa, anakula kidogo, anaacha. Maziwa yakashuka, mifupa ya nyonga ikasimama. Jumatano Landrova ilipopanda kilima nilikuwa nimemsugua ng'ombe kwa maji na brashi mpaka anang'aa, lakini mbavu hazisuguliki.

Sista alimshika mgongo, akampapasa ubavuni, akaomba kuona maziwa ya asubuhi. Nikamwonyesha. Akatabasamu lile tabasamu lake.

"Mama, kuna mwenzako upande wa Butiama amejifungua mapacha."

Dereva alikuwa ameshashuka na kamba. Majirani walikuwa wamejaa uani, wanaangalia.

"Chakula kilipungua, Sista," nikasema.

"Kilipungua vipi? Pumba zilikuwa bure mpaka juzi."

Nikaangalia chini. Tumbo langu lilikuwa limeshaonekana, na Sista aliliona, lakini sheria ni sheria, hata mimi ningefanya hivyo. Niseme nini? Niseme mbele ya kijiji kwamba baba mkwe wangu ni mwizi? Neno lilikuwa limefika mdomoni. Lilikuwa tamu. Nilijua pia kwamba nikilisema sitakuwa na pa kulala katika ukoo ule, mimi na tumbo langu.

Dereva akainua ndoo aipishe kamba. Mlio wa ndoo ulitosha. Fahali mwekundu akatoka zizini mbio, akapita katikati ya watu, akasukuma kichwa kwenye ndoo mkononi mwa dereva.

"Huyu naye ni wa mradi?" Sista akauliza.

Watu wakacheka, kisha wakaona aibu wakaacha. Mzee akainuka kwenye kigoda chake. Alikuja polepole, akasimama upande wa pili wa fahali ili tusionane, mimi na yeye. Akamwambia mkewe, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani:

"Mwambie mgeni. Nyama anayoitafuta kwa yule, iko hapa." Akapiga nundu ya fahali kwa kiganja.

Sista alikuwa haelewi desturi zetu zote lakini hilo alilielewa. "Nani alimlisha?"

"Mimi," mzee akasema. "Na mke wangu alinisaidia kubeba." Akamwonyesha binti yangu, aliyekuwa anachezea tairi la Landrova. Binti yangu akapunga mkono.

Hakuna aliyejua kama inaruhusiwa kucheka. Mama mkwe ndiye aliyeanza.

Sista akamwambia dereva arudishe kamba kwenye gari. Akamgeukia mzee. "Basi, mzee, kuanzia leo ng'ombe huyu utamlisha wewe. Nitakapokuja tena simuulizi mama. Nakuuliza wewe." Mzee akakohoa.

Kesho yake alikwenda Nyamuswa na punda wawili na beberu mmoja. Alirudi na punda wawili na magunia ya pumba, na kutoka Bunda akaagiza mashudu kwa mpwa wake, ambaye kumbe siku zote alikuwa anapakia malori pale getini na hakuna aliyewahi kumtaja. Akayaweka yote kwenye kichanja changu, stoo. Jumamosi akatandika turubai, akavua koti, akashika beleshi. Wazee wenzake walipopata habari walikuja na vigoda vyao, wakapanga mstari kama mpirani. Mmoja akamuuliza ng'ombe ni mgonjwa au ni mzungu.

Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa jiko, maana siruhusiwi kukaribia anapofanya kazi. Mama mkwe alisimama kwenye kona.

"Mama, mwambie chumvi imezidi."

"Anasema haijazidi."

"Mwambie ageuze tena, bado kuna mistari."

"Anasema mama mkwe wake aje ageuze mwenyewe."

Akageuza. Ng'ombe alirudi ndooni kidogo kidogo, na kufikia mvua za kwanza nyonga zilikuwa zimefunikwa. Mtoto wa pili alizaliwa, wa kiume, maziwa yangu yakatoka kwa wiki chache yakakauka, kama nilivyotegemea. Mzee hawezi kunipa kitu mkononi. Alikuwa anaweka sufuria ya maziwa ya asubuhi mbele ya mlango, anakohoa mara moja, anaondoka bila kugeuka.

Na bado anaiba. Kila Jumamosi, beleshi la mwisho, anageuza mgongo wake mpana akidhani ukuta hauna matundu, na fahali anasogea. Nimeacha kupiga kelele. Mama mkwe akiniuliza vipimo, namtajia vya ng'ombe, naongeza na vya fahali.